Nyumba Moja Tu

Kimbunga kilipita Jumamosi, na Jumatano yake jumuiya ilikaa nyumbani kwa mzee Filbert kupanga misa ya shukrani. Watu walikuja wamekunja suruali, viatu mkononi, maana barabara ya juu ilikuwa bado tope la kunata kama uji wa ulezi. Mektrida, mke wa Filbert, aliwatandazia magunia matupu mlangoni wajipangusie miguu, akarudi jikoni kumenya ndizi za mtori. Alikuwa na miaka sitini na nane, na kwa kawaida magoti yake yalimletea habari za mvua kabla ya redio. Safari hii redio ilipiga kelele siku nne nzima, magoti yakanyamaza.

Aliyekuwa akimenya naye ni Yuditha, mjane wa marehemu Mathew, jirani wa kihamba cha chini, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Alikuwa amevaa gauni la Mektrida, limempwaya mabegani, na miguuni kandambili za Filbert. Vya kwake vyote vilikwenda na maji. Tangu Jumapili alikuwa akilala chumba cha nyuma, na kila alfajiri Mektrida alimkuta ameshafagia uwanja mpaka kwenye mpaka, kama mtu anayelipia mahali pa kulala.

Kati ya jiko na sebule palikuwa na dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo yote yaliyosemwa ndani yalifika kwenye sufuria. Katekista alikuwa akihesabu maafa ya wengine. Kule mjini, Pasua, maji yaliingia majumbani hadi kwenye madirisha, watu wakapanda juu ya makabati na watoto wao. Ng'ambo ya korongo kubwa udongo ulishuka ukafukia familia nzima, hata mbwa. Akanyamaza kidogo ili wasikie vizuri, kisha akasema kwamba wao hapa Mungu aliwafunika kwa kiganja chake. Nyumba moja tu.

"Aika Ruwa," waliitikia wote, wakimshukuru Mungu kwa lugha ya nyumbani.

"Moja tu," mama mmoja alirudia, akivuta kamasi. "Kati ya nyumba themanini na kitu."

Kisu cha Yuditha kilisimama katikati ya ganda, kisha kikaendelea.

"Wanasema kweli, Mama Jacob," alisema taratibu. "Zingeweza kuwa ishirini."

 Mektrida alichukua ndizi zilizokwisha kuoshwa, akaziosha tena.

Huko ndani walikuwa wamefika kwenye kuchagua msemaji. Wakasema asimame mzee Filbert mwenyewe, kwa sababu maji yale yalishuka kuielekea nyumba yake, kila mtu aliyaona, yakafika hapo juu ya zizi yakageuka kama yameshikwa mkono. Filbert alisugua magoti yake. Alisema koo lake si zuri siku hizi, wamtafute mwingine. Wakacheka kwa upole, wakasema mzee ana unyenyekevu, na katekista akaandika jina lake.

*

Aliyeyageuza maji Mektrida alimjua.

Juu ya vihamba vyao unapita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu, unaochota maji kwenye kijito kule karibu na msitu na kuyaleta mashambani kwa zamu. Filbert alikuwa mzee wa mfongo mwaka wa kumi na tisa. Kazi hiyo ina sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: mawingu yakikaa vibaya, mzee wa mfongo hupanda juu akafunga banio, lango la maji pale kijitoni, ili mafuriko yashuke na kijito chake na mfongo ubaki mtupu. Lakini masika mwaka huo yalikuwa yamechelewa, miche ya kahawa ilikuwa imelegea majani, na Ijumaa ilikuwa zamu ya Filbert mwenyewe. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga tangu Jumanne na jua likaendelea kuwaka.

"Redio hizi zimezoea kututisha," alimwambia mkewe, akaliacha banio wazi.

Mvua ilifika Jumamosi saa sita mchana. Ilipofika saa nane njia ya kwendea juu ilikuwa imebomoka, hakuna mguu ungepita. Saa tisa mfongo ulikuwa umejaa hadi mdomoni, na pale juu ya nyumba yao ulianza kumwagika kuelekea zizini. Filbert aliita jembe. Mektrida ndiye aliyempelekea, mbio, kanga kichwani, akiteleza na kuinuka. Alisimama pale akimtazama mumewe anavyokata ukingo wa chini. Hayakuwa mapigo mengi, matatu au manne. Yaliyobaki maji yalifanya yenyewe.

"Yatapita migombani tu," Filbert alimpigia kelele juu ya mvua. "Migomba itayanywa."

Migomba haikuyanywa. Maji yaling'oa migomba na kahawa, yakachukua jiko la Yuditha na ukuta wa nyuma wa nyumba, yakachimba handaki refu kutoka juu hadi chini ya kihamba, na kaburi la Mathew, lililojengewa saruji miaka mitatu iliyopita, likabaki limeinama ukingoni. Yuditha alitokea mlango wa mbele na kanga moja na chupa ya chai. Waliofika kwanza walimkuta amesimama chini ya mparachichi ameikumbatia ile chupa, na kwa kuwa mikono yake ilikosa kazi nyingine, aliwamiminia chai.

Kesho yake, Jumapili, Filbert alimfuata, akamshika mkono, akamwambia hapa ni kwako. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomchosha Mektrida kuliko uongo. Jumatatu, kabla watu hawajaanza kuzungukazunguka, mzee alipanda na panga na jembe, akaziba pale alipokata kwa magogo ya migomba, mawe na udongo, akapandikiza majani juu yake. Ukipita huoni kitu.

*

Alhamisi alikuja mtendaji wa kijiji, msichana anayeitwa Kindness, na buti zake za mvua na faili ndani ya mfuko wa nailoni. Aliwaamkia Mektrida na Yuditha shikamoo, akakalia kigoda. Alikuwa ameleta blanketi na kilo kumi za unga, lakini kwanza alihitaji picha. Akamwomba Yuditha asimame karibu na mlango.

"Bibi, inua kidogo blanketi lionekane. Hapo hapo. Usifunike uso."

Yuditha aliinua. Simu ikalia ka, ikalia tena. Kindness aliitazama picha, akaomba warudie, kwa sababu bibi alikuwa amefumba macho. Hakuwa na ubaya, yule binti. Alikuwa na vijiji viwili na buti zilizovuja.

Kisha akafungua faili. Alieleza kwamba wataalamu wa wilaya walipita Jumanne, wakapima, na wakaona kihamba kile kiko kwenye mkondo wa maji. Maji yamejitafutia njia na yatarudi. Mtu haruhusiwi kukaa hapo tena wala kujenga, na atakayekaidi hatapewa hata bati moja la msaada. Badala yake Yuditha angepewa kiwanja kule chini, tambarare. Karatasi ya kukubali ingewekwa dole gumba Jumapili baada ya misa, mbele ya watu, ili kusiwe na maneno.

"Huko chini ndizi zinaota?" Yuditha aliuliza.

"Mahindi yanakubali sana, bibi. Na alizeti."

"Nimeuliza ndizi."

Kindness alitazama faili kana kwamba ndizi zimeandikwa humo.

"Na Mathew?"

"Nani, bibi?"

"Mume wangu. Yuko pale."

"Kaburi litahamishwa. Kuna utaratibu wake."

Mtendaji alipokwisha kuondoka, Yuditha alikunja blanketi mara nne, akalipiga-piga likae sawa. Alisema kwamba alipoolewa kuja pale alikuwa na miaka kumi na minane, na mama mkwe wake alimwonyesha mgomba mmoja mmoja kwa jina. Hakulia. Aliongea kama mtu anayesoma orodha.

"Kama ni Mungu aliyeyapitisha kwangu," alisema mwishoni, "mimi ni nani nimkatalie. Angeniambia tu nilimkosea nini."

Mektrida alisema anakwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ametoka kuwatazama.

*

Ijumaa asubuhi alimfuata mumewe zizini, akafunga kijimlango. Alimwambia kuhusu karatasi. Alimwambia kwamba pale si mkondo wa maji, na ni watu wawili tu duniani wanaojua, na wote wawili wamesimama kwenye kinyesi cha ng'ombe.

Filbert aliendelea kukata majani. Alisema faini ya kuvunja mfongo haimtishi, ni mbuzi na pombe ya mbege ya wanamfongo, na kunyimwa zamu. Angetoa hata mbuzi watatu. Lakini Jumapili anasimama mbele ya altare. Watu wameshasema ni mkono wa Mungu. Atasimamaje awaambie ni jembe lake?

"Na yeye atalala wapi?" Mektrida aliuliza.

"Atalala hapa mpaka siku zake ziishe. Nimemnyima nini?"

"Umemnyima kwake."

Panga lilitulia. Filbert alitoka nje, akaenda mpakani, akarudi na jani moja la sale, refu, la kijani kibichi, amelifunga fundo katikati. Sale ndilo wanalopanda mipakani, na ndilo mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea. Kwa desturi halikataliwi. Wako waliolipokea kutoka kwa wauaji wa ndugu zao.

"Mpelekee wewe, ninyi ni wanawake," alisema. "Mwambie kama tumemkosea kwa lolote, tulijualo na tusilolijua, atusamehe. Akilipokea, limekwisha."

"Atakuwa amesamehe nini?"

"Mungu anajua."

"Mungu hakushika jembe, Baba Jacob."

Hata hivyo alilipokea. Alikuwa amemtii mtu huyu miaka arobaini na tisa, na mikono ilipokea kabla kichwa hakijaamua. Alilificha chini ya kanga akaingia jikoni. Yuditha alikuwa amechuchumaa anapuliza moto, na ncha ya jani ilichungulia.

"Mmekosana na nani?" aliuliza, macho kwenye moshi.

"Na mtu."

"Basi mtu huyo ana bahati. Siku hizi watu wanaombana radhi kwa simu, tena kwa meseji." Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu Jumamosi. "Peleka tu, dada. Sale halikataliwi."

Mektrida alisimama pale na msamaha ukiwa umeshatolewa nusu, bila Yuditha mwenyewe kujua. Ilikuwa rahisi hivyo. Angenyoosha mkono tu. Alirudi chumbani akaliweka jani chini ya godoro, na siku mbili hakulala upande ule.

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Kwaya ilivaa sare mpya. Wakati wa vipaji mstari ulitoka nje: mikungu ya ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, sukari, debe la kahawa. Yuditha naye alikuwemo, na maparachichi mawili mkononi, ya mti uliobaki. Mtu aliyempisha mbele alimwambia mwenzake, aone imani ya yule mama, amepoteza kila kitu na bado anashukuru. Mektrida alibaki kwenye benchi. Jirani alipomsukuma kwa kiwiko, alijibu kwamba ni magoti.

Kisha Filbert akaitwa. Alivaa koti lake la harusi ya Jacob, na kofia ameishika kwa mikono miwili. Alisema maneno machache sana. Alisema maji yalikuja, yakageuka, na wote wamshukuru Mungu. Vigelegele vilipigwa mpaka vumbi likashuka darini. Alipokuwa akirudi kukaa alipita kwa mkewe bila kumtazama, na Mektrida aliona shingo yake imelowa jasho.

Baada ya misa watu hawakutawanyika. Meza iliwekwa uwanjani mbele ya ofisi ya parokia, na Kindness akasoma karatasi kwa sauti ya shule, mkondo wa maji, usalama wa mwananchi, kwa hiari yake mwenyewe. Akafungua kidau cha wino. Yuditha alikuja mezani, akajipangusa kidole gumba kwenye gauni, akakichovya. Kilitoka cheusi.

"Usiweke," alisema Mektrida.

Hakuwa amepaza sauti, lakini alikuwa ameshafika mezani. Watu walidhani anamhurumia tu mwenzake. Katekista akaanza kumshika bega.

"Pale si mkondo wa maji," alisema. "Mfongo ulikatwa. Banio liliachwa wazi tangu Ijumaa, ukajaa, ukaja kwetu, tukaukata ukingo kuelekea kwa Yuditha. Jembe nililipeleka mimi."

Watu walitafuta mahali pa kutazama.

"Mama Jacob," katekista alisema polepole, "leo ni siku ya shukrani."

"Najua ni siku gani."

Kindness alishika karatasi yake kwa mikono miwili. Alisema wataalamu wameshatia sahihi, walikagua, hawakuona mahali pameharibika. Mektrida alimjibu kwamba walikuta pameshazibwa. Waende wakafukue leo, watakuta magogo ya migomba bado mabichi, na mgomba haujizikagi wenyewe. Nyuma mtu aliguna, na mwanamke mmoja, yule wa nyumba themanini na kitu, akasema uzee ni mbaya jamani, mama wa watu amechanganyikiwa. Walimtazama Mektrida kama mtu aliyemwaga maji machafu juu ya altare. Walikuwa wamepewa muujiza, na sasa anawanyang'anya.

"Mzee," Kindness akageuka, "ni kweli?"

Filbert alikuwa amesimama kando ya ukuta. Alizungusha kofia, robo, robo, mpaka ikarudi ilipoanzia.

"Nilifikiri migomba itayanywa," alisema.

Hapo ndipo Mektrida alipotoa lile jani kifuani. Alipiga magoti, na magoti yakamuuma vibaya, akalinyoosha kwa mikono miwili. Alisema amelileta baada ya kusema ukweli, si kabla.

Yuditha hakulipokea upesi. Aliuliza ilikuwa saa ngapi.

"Saa tisa."

"Mlijua niko ndani?"

Mektrida angeweza kusema mvua ilikuwa nzito. Ilikuwa nzito kweli.

"Tuliona moshi jikoni kwako," alisema.

Wazee wawili walisogea, midomo yao ikitaka kumkumbusha Yuditha desturi. Hakuwangoja. Alilichukua jani kwa mkono wa kushoto, ule usio na wino.

"Nimelipokea kwa kuwa halikataliwi," alisema. "Lakini asante usiingojee kwangu."

Akaupangusa wino kwenye gauni la Mektrida alilovaa, pajani, taratibu mpaka kidole kikatakata. Kindness alirudisha karatasi kwenye nailoni. Alisema ataandika kwamba jambo lichunguzwe upya, ila haahidi kitu, wilaya ni wilaya. Watu wakaondoka wawili wawili, wakiongea chini chini, na hakuna aliyemsaidia Mektrida kuinuka. Aliinuka kwa kushika mguu wa meza.

*

Yuditha hakurudi kulala. Chumba chake cha mbele kilikuwa bado kimesimama, na mchana ule ule vijana wa jumuiya walimpelekea turubai la kuziba ulikobomoka ukuta. Wengine walishuka na miti na misumari kumkingia kaburi, ili mvua nyingine isilimalizie. Walipita njia ya chini, ndefu, wasikanyage uwanja wa Filbert. Kabla ya saa kumi wanamfongo wawili walikuja, wakasimama nje ya mpaka, wakataka panga la mfongo, lile linaloshikwa na mzee wa mfongo. Filbert aliwapa.

Mtori ulikuwa tayari. Mektrida aliweka mabakuli, wakakaa, na kutoka chini zikaja sauti za nyundo. Filbert alisikiliza kwa muda, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Wanapigilia upande wa handaki," alisema. "Maji hayatokei huko. Yakija yatazunguka nyuma ya mparachichi yaje kulichukua kaburi kisogoni."

"Nenda ukawaambie."

Alitoka. Kupitia mlangoni Mektrida alimwona amefika kwenye mstari wa masale, akasimama. Nyundo zilinyamaza. Walikuwa wamemwona. Hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza, na baada ya kitambo nyundo zikaanza tena palepale. Filbert akarudi, akakaa mbele ya bakuli lake.

"Hawajaniuliza," alisema.

"Nionyeshe mimi."

Alimwonyesha mezani, kwa kidole kilichochovywa kwenye mtori. Hapa mparachichi, hapa kichwa cha kaburi, hapa ardhi inainama ingawa kwa macho huwezi kujua. Alieleza mara tatu, kwa uvumilivu, kama alivyokuwa akiwaeleza wote miaka kumi na tisa, na mwisho akabaki anaelekeza tu. Mektrida alivaa viatu vyake vya kanisani, maana ndivyo vilivyokuwa mlangoni, akashuka.

Njia ilikuwa imeoshwa na kubaki mawe matupu, na alishuka kwa kushika kahawa zilizobaki. Wanaume wanne waliacha kazi. Yuditha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, mgongo kwake, amekishika kimti kimoja kisitikisike wakati wanapigilia. Mektrida hakuwaamkia, kwa sababu hakujua kama wangeitikia. Alisema tu maji yatatokea wapi, akaonyesha kwa mkono pale ardhi inapoinama.

Vijana walimtazama Yuditha.

Yuditha hakugeuka. Aliitazama ile ardhi muda mrefu, akakiachia kile kimti.

"Hamisheni," aliwaambia.